Haki ya Kupita na Haki ya Kukaa: Historia ya Njia ya Jangwani, Arizona

Mwishoni mwa mwaka 1941 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitoa hukumu mbili katika muda wa wiki mbili. Tarehe 24 Novemba iliamua kwamba jimbo la California halina mamlaka ya kuwafungia mlango raia maskini wanaotoka majimbo mengine. Tarehe 8 Desemba iliamua kwamba Wahualapai, wenyeji wa asili wa kaskazini-magharibi mwa Arizona, hawakupoteza ardhi yao kwa sababu tu serikali iliigawia kampuni ya reli. Hukumu ya kwanza ilihusu haki ya kupita, na ya pili ilihusu haki ya kukaa. Wanasheria huzisoma katika masomo tofauti. Mimi nilizisoma pamoja, kwa sababu nilipita kwa pikipiki mahali zinapokutana: maskini wengi waliokuwa wakielekea California walipita katikati ya Peach Springs, kijiji kikuu cha Wahualapai.

Katika insha hii nataka kuonyesha kwamba historia ya barabara ya jangwa hili si historia ya uhuru peke yake, kama matangazo ya utalii yanavyopenda kusema. Ni historia ya ubishi wa muda mrefu kuhusu nani apite, nani alale njiani, na nani ahamishwe.

Kwanza nieleze nilivyofika huko. Mimi ni mwenyeji wa Busia, upande wa Uganda, mji wa mpakani unaohesabiwa kuwa chimbuko la neno bodaboda. Wazee wetu walibeba abiria kwa baiskeli kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, na jina likatokana na neno la Kiingereza la mpaka. Nilijifunza pikipiki nikiwa kijana, nikapakia abiria wakati wa likizo. Baadaye nilikaa Arizona mwaka mmoja nikisaidia kufundisha Kiswahili. Mwezi Oktoba nilipata siku saba za mapumziko. Nikafunga hema, mfuko wa kulalia, jiko dogo la gesi na lita sita za maji juu ya pikipiki ya CC 250 iliyokwishatumika, nikaondoka peke yangu. Nilianzia Gallup, New Mexico, nikafuata mabaki ya Barabara ya 66 kuelekea magharibi hadi Topock kwenye Mto Colorado, kisha nikashuka kusini hadi Quartzsite. Ni safari ya zaidi ya kilomita 800.

Pikipiki ni mwalimu mzuri wa historia ya jangwa kwa sababu haikuruhusu kusahau umbali. Tangi langu halikuvuka kilomita 250, kwa hiyo kila asubuhi nilihesabu kituo cha mafuta hadi kituo cha mafuta. Waliotangulia walihesabu vivyo hivyo, ila wao walihesabu chemchemi hadi chemchemi. Mwaka 1857 Edward Beale, aliyetumwa na serikali kupima njia ya mabehewa kutoka Fort Defiance hadi Mto Colorado, alipita nchi hii na ngamia 25. Jeshi la Marekani lilikuwa limenunua ngamia zaidi ya 70 kutoka nchi za Mediterania, na likaajiri watu wa kuwatunza. Mmoja wao aliitwa Haji Ali. Wamarekani walishindwa kulitamka jina hilo, wakamwita Hi Jolly, na kwa jina hilo ndivyo anavyojulikana hadi leo. Msomaji wa Kiswahili halihitaji tafsiri jina lake la kwanza: ni Haji Ali tu, kama Haji Ali wa mtaa wowote wa pwani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya mwaka 1861 viliua mradi wa ngamia, lakini njia ya Beale haikufa. Reli ilipita karibu nayo, na Barabara ya 66 ikaja kupita karibu na reli. Sababu ni ile ile: treni za mvuke zilihitaji maji kama ngamia na nyumbu.

Wakati njia hizi zikifunguliwa kwa wageni, wenyeji walikuwa wakiswagwa. Mwaka 1864 jeshi, kwa amri ya Jenerali James Carleton, liliwahamisha kwa nguvu Wanavajo, ambao wenyewe hujiita Diné. Kit Carson na askari wake walichoma mashamba yao na kukata mipichi yao katika bonde la Canyon de Chelly ili njaa iwatoe mafichoni. Zaidi ya watu 8,000 walitembezwa kwa mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, mashariki mwa New Mexico. Wengi walikufa njiani, na wengi zaidi walikufa huko kwa njaa, maradhi na maji mabaya. Tarehe 1 Juni 1868, baada ya majadiliano ambayo Barboncito alikuwa msemaji wao mkuu, walitia saini mkataba uliowaruhusu kurudi kwao. Kurudi huko si jambo dogo. Jamii nyingi zilizohamishwa Marekani hazikuona tena nchi zao. Nilipoondoka Gallup, nilikuwa kwenye ukingo wa ardhi hiyo waliyorudi.

Wahualapai nao walionja hayo hayo. Mwaka 1874 waliswagwa hadi La Paz, kwenye joto kali la bonde la Mto Colorado, na mwaka uliofuata waliobaki wakatoroka kurudi milimani kwao. Walichokikuta ni ardhi iliyokwisha kutolewa kwa karatasi. Mwaka 1866 Bunge la Marekani lilikuwa limeigawia kampuni ya reli vipande vya ardhi kandokando ya njia yake, hata mahali ambapo watu walikuwa wakiishi. Mwaka 1883 Rais Chester Arthur aliwatengea Wahualapai eneo lao, lakini kampuni iliendelea kudai vipande ndani ya eneo hilo, na zaidi ya yote ilidai chemchemi ya Peach Springs. Katika jangwa, mwenye chemchemi ndiye mwenye nchi.

Hapa ndipo anapoingia Fred Mahone, Mhualapai aliyepigana Vita Kuu ya Kwanza. Aliporudi nyumbani alianza kukusanya maelezo ya wazee: nani alilima wapi, nani alizikwa wapi, chemchemi ipi ilikuwa ya ukoo upi. Kwa miaka mingi maofisa hawakutaka kumsikiliza. Hatimaye kesi ilifika Mahakama ya Juu, na Jaji William Douglas akaandika kwamba umiliki wa wenyeji haukufutwa na ile zawadi ya 1866. Ushindi haukuwa kamili. Mahakama ilisema kwamba kwa kukubali eneo la 1883 Wahualapai waliachilia madai yao ya nje ya mipaka yake. Hata hivyo, kwetu sisi tunaofundishwa kukusanya fasihi simulizi, kesi hii ina uzito wa pekee. Masimulizi ya wazee yalipelekwa kupambana na karatasi za kampuni kubwa, na hayakutupwa.

Sasa turudi kwenye haki ya kupita. Barabara ya 66 ilitangazwa rasmi mwaka 1926, kutoka Chicago hadi Los Angeles. Miaka kumi haikuisha kabla haijawa njia ya wakimbizi wa ndani. Ukame, vumbi na madeni viliwatoa wakulima Oklahoma, Texas na majimbo ya jirani, nao wakalala kando ya barabara kwa sababu hawakuwa na pa kulala. Februari 1936 mkuu wa polisi wa Los Angeles, James Davis, alituma polisi 136 kwenye mipaka ya jimbo zima la California kuwarudisha walioonekana hawana fedha. Ninapoisoma habari hiyo namfikiria kila mchuuzi wa Busia aliyegeuzwa mpakani kwa sababu ya viatu vyake. Tofauti ni kwamba hawa walikuwa raia ndani ya nchi yao wenyewe.

Vizuizi vile viliondolewa baada ya miezi michache, lakini sheria iliyokataza kumleta maskini California ilibaki. Fred Edwards, mkazi wa California, alimfuata shemeji yake asiye na kazi huko Texas na kumleta kwa gari. Akahukumiwa kwa kosa hilo. Ndiyo kesi iliyofutwa na Mahakama ya Juu tarehe 24 Novemba 1941: umaskini, walisema majaji, si sababu ya kumfungia mtu mpaka.

Lakini haki iliyoandikwa si haki iliyokwisha kufika barabarani. Msafiri mweusi wa miaka hiyo aliweza kuvuka mpaka wa jimbo, asipate chumba usiku. Ndiyo maana Victor Green, mpeleka barua wa Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha mwongozo uliotaja nyumba za kulala na vituo vya mafuta vilivyowapokea watu weusi. Miaka hiyo hiyo Bessie Stringfield, mwanamke mweusi, alizunguka Marekani peke yake kwa pikipiki. Alisimulia baadaye kwamba alipokataliwa chumba alilala juu ya pikipiki yake kwenye vituo vya mafuta. Watafiti wametofautiana kuhusu mambo kadhaa ya maisha yake, hata mahali alipozaliwa, na mwanafunzi wa historia hana budi kuyapima masimulizi yake kama anavyoyapima mengine. Hata hivyo, usiku wangu wa pili, nilipokuwa nikitafuta jiwe bapa la kuweka chini ya stendi ili pikipiki isizame mchangani, nilielewa jambo moja. Mimi nililala nje kwa hiari. Yeye alilala nje kwa sababu milango ilifungwa. Kwa anayepita na kutazama, pikipiki na blanketi ni vile vile. Sababu ndiyo inayoitwa historia.

Nililala bure karibu kila usiku, kwenye ardhi ya umma inayosimamiwa na idara ya serikali iliyoundwa mwaka 1946. Idara hiyo inasimamia karibu kilomita za mraba milioni moja, eneo linaloizidi Tanzania. Mtu yeyote anaweza kupiga hema sehemu nyingi za ardhi hiyo hadi siku 14 bila kulipa. Ni ukarimu mkubwa, na mimi nilinufaika nao. Lakini ardhi haikuzaliwa ikiwa ya umma. Nyingi ya ile niliyolalia Marekani iliipata kutoka Meksiko kwa vita na mkataba wa 1848, na kabla ya Meksiko ilikuwa na wenyewe.

Peach Springs mambo yalikuwa tofauti. Nilimwuliza mama mmoja mzee dukani kama naweza kupiga hema nje ya kijiji. Akaniambia kwa upole kwamba barabara ni ya wote, lakini nje ya barabara ni ardhi ya kabila, na kulala kunahitaji kibali. Jua lilikuwa linashuka na kesho yake nilikuwa na mwendo mrefu. Nilinunua maji, nikamshukuru, nikaendelea hadi ng'ambo ya Kingman gizani, kwenye baridi iliyonitetemesha mikono. Sikuona jibu lake kuwa la kunyimwa. Lilikuwa tunda la kazi ya Mahone. Jamii iliyowahi kuswagwa sasa ina uwezo wa kumwambia mgeni apige hodi kwanza.

Safari yangu ilipoelekea kusini nilipita Poston, na hapo hoja yangu ilipata doa ambalo sitaki kulificha. Februari 1942, miezi mitatu baada ya hukumu ya Edwards, Rais Roosevelt alitia saini amri iliyowezesha kuhamishwa kwa watu wenye asili ya Japani. Zaidi ya 17,000 kati yao walifungiwa Poston, ndani ya ardhi ya makabila ya Mto Colorado, ingawa baraza la makabila hayo lilipinga. Kwa tendo moja serikali ilivunja haki zote mbili: iliwanyima raia wake kupita, na ikawanyima wenyeji kauli juu ya mahali wanapokaa. Hukumu za 1941 zilikuwa bado mpya. Kumbe haki ya namna hii hailindwi na wino. Hulindwa na watu wanaoikumbuka.

Kuhusu barabara yenyewe, iliachwa. Barabara kuu mpya iliupita pembeni mji wa Seligman mwaka 1978, na mwaka 1985 namba 66 ikafutwa rasmi. Kinyozi wa Seligman, Angel Delgadillo, na wenzake waliunda chama mwaka 1987 kuitetea, na kwa sababu yao kipande hicho bado kina wapitaji. Huko Quartzsite, kaburi la Haji Ali, aliyefariki mwaka 1902, lina piramidi ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu yake. Ilijengwa na idara ya barabara ya jimbo katika miaka ya 1930, miaka ile ile ambayo maskini walikuwa wakirudishwa mpakani. Mgeni aliyekufa aliheshimiwa kuliko mgeni aliye hai.

Wahenga wetu walisema mtembea bure si sawa na mkaa bure, wakamsifu mwenye kutembea. Jangwa la Arizona linatudai tuongeze neno. Anayetembea ana haki ya njia, na anayekaa ana haki ya kuulizwa. Lugha yetu ina neno la kuziunganisha haki hizo mbili, nalo ni hodi: mpita njia hulitamka, na mwenyeji ndiye anayejibu karibu. Penye hodi isiyopigwa, kama mwaka 1866, au karibu isiyotolewa, kama mwaka 1936, ndipo mwanahistoria anapopaswa kuanza kuuliza maswali yake. Busia pia ina maswali hayo, na wazee wa kuulizwa bado wapo.