Vimy Iliyoangukia Tabora

Sisi wa Makandana tunaishi chini ya mawingu ya Mlima Rungwe, na sehemu kubwa ya mwaka mtu husikia ndege ikipita juu asiione. Habari za ndege za kwanza kukatiza nchi hii nilizikuta nikisoma mambo ya wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Kumbe wapagazi na ndege ni habari moja.

Ndege yenyewe iliitwa Vickers Vimy. Waingereza waliiunda mwaka 1917 kwa kusudi la kubeba mabomu hadi miji ya Ujerumani. Ilikuwa na injini mbili za Rolls-Royce, kila moja nguvu za farasi 360, na mabawa ya mbao na kitambaa, moja juu ya jingine, yenye upana wa mita 20 na ushei. Vita vikaisha tarehe 11 Novemba 1918 kabla haijaifanya kazi hiyo, ikabidi itafutiwe shughuli nyingine. Juni 1919 Alcock na Brown waliivusha Bahari ya Atlantiki bila kutua. Mwishoni mwa mwaka huo nyingine ikafika Australia. Ikawa zamu ya Afrika, kutoka Cairo hadi Cape Town.

Lakini ndege haitui vichakani. Serikali ya Uingereza ilituma wapimaji, na mwaka 1919 viwanja vikafyekwa njia nzima, Tabora kikiwamo, na Abercorn, ambayo sasa ni Mbala nchini Zambia. Kule Ndola watu 700 walifanya kazi kwa miezi kadhaa wakivunja vichuguu, wakaondoa udongo wapata tani 25,000 kwa vikapu. Msomaji atazame mwaka huo. Hao walikuwa watu waliotoka vitani jana tu. Kwetu hapa, majeshi ya Jenerali Northey yaliingia Neu-Langenburg, yaani Tukuyu, Mei 1916, na tangu hapo kila gunia la chakula na kila sanduku la risasi vilihitaji kichwa cha mtu. Waingereza walitumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Waliohesabiwa kuwa wamekufa wanazidi 90,000. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini hapo hapo Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Hata mwaka haujapita, jembe na kikapu.

Vimy ya gazeti la The Times iliondoka Uingereza tarehe 24 Januari 1920, ikiwa na makapteni Cockerell na Broome pamoja na Dk. Chalmers Mitchell, mtaalamu wa wanyama. Injini zilikwisha kuwasumbua njiani. Tarehe 27 Februari, ikijaribu kuruka kutoka Tabora, ikaanguka, na safari ikaishia hapo. Watu walisalimika. Siku hizo hizo Van Ryneveld na Brand wa Afrika Kusini walipita Tabora na Abercorn na Vimy yao ya pili, maana ya kwanza ilivunjikia Misri. Hii nayo ikaanguka ikiruka kutoka Bulawayo tarehe 6 Machi. Waliingia Cape Town tarehe 20 Machi kwa kijindege cha injini moja, wakapewa zawadi na vyeo.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na Bulawayo imeizidi. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huizidishia wepesi: injini hukosa pumzi, na bawa halipati cha kuegemea. Ndege iliyopimiwa baridi ya Uingereza, iliyojaa petroli, huhitaji uwanja mrefu kuliko ule wa kwao. Kila hatua ya urefu huo ilikuwa ya mtu na jembe lake. Marubani tunawajua kwa majina na vyeo. Wale wa Ndola ni namba tu, 700, na naona hata hiyo ni bahati, kwani kwingine namba yenyewe haitajwi.

Mwaka 1932 shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za London hadi Cape Town, ndege zake zilikuwa zikitua Mbeya, kilomita 70 hivi kutoka hapa. Zilizotumika upande huu zilikuwa na injini tatu.