Bangi ya Kienyeji ya Milima ya Rif

Katika masoko ya Morocco, anayetaka kuku huulizwa kwanza: wa beldi au wa rumi? Beldi ni wa nchi, yaani wa kienyeji, aliyejitafutia punje uani. Rumi ni wa kigeni, wa banda na chakula cha kununua. Msikilizaji wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji kuelezwa zaidi, wala kuambiwa ni yupi kati ya hao wawili mwenye mchuzi mtamu. Neno hilo hilo, likiwa beldiya, ndilo wakulima wa milima ya Rif, kaskazini ya nchi hiyo, wanaloiitia bangi yao ya asili. Mazungumzo ya wiki hii ni juu ya mbegu hiyo, ambayo ilipigwa marufuku mara kadhaa ikaendelea kuota, kisha ikakaribia kupotea kwa sababu ambayo hakuna askari aliyeifikiria.

Nisieleweke vibaya. Simwiti mtu kwenda kuvuta. Kwetu bangi ni kosa la jinai, na kila mtaa una kijana ambaye wazazi wake wanaweza kusimulia yaliyowapata. Lakini historia ya mmea haimalizwi na faili la polisi, na aliyeuelewa mkasa wa mbegu hii ameelewa mkasa wa mbegu nyingine nyingi.

Neno letu bangi lilivuka Bahari ya Hindi. Asili yake ni bhang ya Bara Hindi. Katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1609, padri Mreno João dos Santos aliandika habari za watu wa upande wa Sofala waliokuwa wakitumia kitu alichokiita bangue. Morocco iliupata mmea huo huo kwa njia nyingine, kwa nchi kavu, pamoja na Waarabu waliotoka mashariki. Ukapandwa hapa na pale mpaka ukapata makao yake hasa Ketama, chini ya mlima Tidighin wenye urefu wa mita 2,456, penye misitu ya mierezi na theluji wakati wa baridi.

Hapo ndipo kazi ya kweli ilipofanyika, na haikufanywa na mtaalamu yeyote. Rif ni nchi ya miteremko mikali na udongo haba. Mvua hunyesha kwa wingi majira ya baridi, kisha kiangazi kinafika na mawingu yanatoweka kwa miezi. Mkulima humwaga mbegu mwezi wa Februari au Machi, ardhi ikingali na unyevu, na ifikapo Julai au Agosti huvuna. Mche uliochelewa kutoa maua ulikaushwa na jua kabla ya kuzaa. Mche uliofanya haraka ukaacha mbegu. Rudia hivyo kila mwaka, kizazi baada ya kizazi, utapata mmea mfupi, mwembamba, unaokomaa upesi na usiodai hata ndoo moja ya maji ya kumwagilia. Mkulima naye akachagua kwa jicho lake, akatenga mbegu za kipande cha shamba kilichompendeza, akazihifadhi mpaka msimu ujao.

Kuna jambo moja la kufahamu kuhusu bangi: mche dume ni mbali na mche jike, na chavua huchukuliwa na upepo. Kwa hiyo katika shamba la beldiya hakuna miche miwili iliyo sawa kabisa. Mmoja mrefu kidogo, mwingine una harufu kali zaidi, wa tatu unastahimili baridi. Anayetaka mazao ya kiwandani ataona hiyo ni kasoro. Mkulima wa mlimani aliiona ni akiba, kwa maana mwaka mbaya haukuua yote.

Siku hizo watu hawakutengeneza hashishi. Walitengeneza kif, yaani maua yaliyokatwakatwa laini na kuchanganywa na tumbaku, wakavuta kwa kiko chembamba kiitwacho sebsi chenye kibakuli kidogo cha udongo. Kilikuwa kitu cha wazee na mafundi, pamoja na glasi ya chai.

Watawala nao hawakukosa la kusema. Mwaka 1890 Sultani Hassan wa Kwanza aliruhusu kilimo hicho katika vijiji vitano tu vya makabila ya huko, na mpaka leo wazee wa Ketama huvitaja vijiji hivyo kama mtu anayetaja hati ya shamba lake. Mwaka 1906 mataifa ya Ulaya yalikutana mjini Algeciras kuamua mambo ya Morocco bila aibu yoyote, na miongoni mwa waliyoafikiana ni kwamba biashara ya kif iwe ya shirika moja lenye haki ya pekee, pamoja na tumbaku. Shirika hilo, lenye mtaji mwingi wa Kifaransa, likaweka makao yake Tangier. Bangi ikawa bidhaa halali yenye ushuru, mradi faida iende panapostahili kwa macho ya wakubwa.

Aliyeipiga vita kwa moyo mmoja alikuwa mwana wa Rif mwenyewe. Abd el-Krim el-Khattabi, aliyewavunja Wahispania pale Annual mwaka 1921 akaanzisha jamhuri yake milimani, aliikataza kif kwa sababu ya dini. Aliposhindwa na majeshi ya Hispania na Ufaransa mwaka 1926 na kupelekwa kisiwani Réunion, kilimo kikarudi. Wafaransa, waliokuwa wameifaidi kwa miaka mingi, wakaipiga marufuku kabisa katika eneo lao mwaka 1954. Uhuru ulipopatikana mwaka 1956 marufuku ikaenea nchi nzima, pamoja na Rif iliyokuwa chini ya Hispania. Wakulima wakaona uhuru umewaletea njaa. Mwaka 1958 watu wa Rif, wenye malalamiko mengi na siyo hilo peke yake, waliasi, na jeshi likawazima mwaka uliofuata kwa ukali ambao haujasahaulika. Baada ya hapo serikali ilifumba macho kwa vijiji vile vya zamani, na umaskini wa milima ukabaki kama ulivyokuwa.

Miaka ya 1960 vijana wa Ulaya na Marekani walianza kumiminika Morocco na mifuko yao ya mgongoni. Hao hawakutaka kif, walitaka hashishi. Wakulima wakajifunza kupiga miche mikavu juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye beseni, unga wa utomvu ukadondoka chini na mbegu zikabaki juu. Katika miongo iliyofuata biashara ilivuka mipaka ya vijiji vitano ikala misitu. Umoja wa Mataifa na serikali ya Morocco walipopima pamoja mwaka 2003, walikuta hekta 134,000 za bangi, na familia zipatazo 96,600 zikiitegemea, karibu watu 800,000. Karibu yote hiyo ilikuwa beldiya.

Sasa tugeuke upande wa pili wa dunia. Tangu miaka ya 1970, wasafiri walirudi California na mbegu walizookota walikopita: Mexico, Colombia, Afghanistan. Walizichanganya, wakachagua, wakachanganya tena. Mojawapo ya chotara zilizopata umaarufu iliitwa Skunk, nayo ilikuwa na damu ya nchi zote tatu hizo. Uholanzi, ambako sheria ilikuwa legevu, wakaifanya kazi hiyo kuwa biashara ya pakiti na katalogi. Mbegu za wakulima maskini wa milima mbalimbali zikageuka mali ya maduka, na wakulima wale hawakupata hata senti.

Katika miaka ya 2000 chotara hizo zikafika Rif. Ya kwanza kuenea iliitwa khardala, na baada yake zikaja nyingine zenye majina ya katalogi za Ulaya. Wanunuzi wa ng'ambo walitaka hashishi kali zaidi, na khardala ilitoa utomvu mara mbili ya beldiya au zaidi kwa uzito ule ule wa majani. Mkulima mwenye watoto sita hakuhitaji hotuba. Akapanda.

Hasara ikaja polepole. Chotara haikulelewa na kiangazi cha Ketama, hukomaa ikiwa imechelewa, na katika miezi mikavu inataka maji kila mara. Wakachimba visima, wakajenga mabwawa ya plastiki mlimani, wakatega chemchemi kwa mipira. Mwenye fedha akavuta maji, na jirani yake wa bondeni akabaki anatazama mfereji mkavu. Serikali ikatangaza kwamba mwaka 2013 eneo la bangi lilikuwa limeshuka hadi hekta 47,000 hivi, na ni kweli mashamba yalipungua. Watafiti waliotembelea Rif walieleza kwamba hashishi haikupungua kwa kiasi hicho, kwa sababu hekta moja ya chotara ilifanya kazi ya kadhaa. Kwa maoni yangu, hesabu ya hekta bila hesabu ya maji haikumwambia mtu yeyote lililo muhimu.

Halafu kuna upepo. Mwaka 1997 wataalamu wa Hispania walichapisha habari za chavua ya bangi waliyoinasa katika vifaa vyao vya kupimia hewa pwani ya kusini ya nchi yao. Ilikuwa imevuka bahari kutoka Morocco. Ikiwa chavua inavuka bahari, ukuta wa mawe baina ya shamba na shamba utaizuia nini? Khardala dume ikichanua upande huu, mbegu za beldiya upande ule zinazaliwa zikiwa nusu mgeni, na mwenye shamba hajui mpaka mwaka ujao miche inapochelewa kukomaa. Balaa hiyo inakwenda pande zote mbili, maana anayelima bangi ya dawa anataka maua ya jike yasiyo na mbegu, na chavua ya beldiya ya jirani inamharibia kazi. Mmea wa zamani na mmea mpya hawawezi kukaa bonde moja kwa amani.

Ngano au mtama ukitishiwa hivyo, mtaalamu huchukua mbegu akaziweka katika ghala baridi. Mjini Leningrad watumishi wa taasisi ya Nikolai Vavilov walilinda mbegu zao wakati wa kuzingirwa na Wajerumani kuanzia 1941 mpaka 1944, na baadhi yao walikufa kwa njaa huku wamezungukwa na mchele na karanga walizokataa kuzila. Taasisi hiyo ina mkusanyiko mkubwa wa bangi ya nyuzi na mafuta. Lakini bangi ya kulevya ilikuwa kitu cha kuchomwa moto, na kwa miaka mingi ghala la beldiya lilikuwa nyumba ya mkulima mwenyewe, mtu anayetafutwa na askari. Hata ghala nayo haitoshi. Mbegu ya bangi hupoteza nguvu baada ya miaka michache isipotunzwa vizuri, na mbegu iliyolala miaka thelathini kwenye barafu haijaonja viangazi vya miaka hiyo.

Mwaka 2021 Morocco ilipitisha sheria namba 13-21, ikaruhusu kilimo cha bangi kwa dawa na viwanda katika mikoa mitatu ya Rif: Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate. Wakala wa serikali ukaanza kutoa leseni. Mavuno halali ya kwanza, ya mwaka 2023, yalikuwa tani 294, yaliyotokana na mbegu zilizoagizwa kutoka nje. Watu wa milimani walilalamika, na haki walikuwa nayo: ruhusa imekuja, maji hakuna, na mbegu ni ya kununua. Mwaka 2024 beldiya nayo ikakubaliwa katika kilimo cha leseni.

Agosti ya mwaka huo Mfalme Mohammed wa Sita alitoa msamaha kwa watu 4,831 waliokuwa wamefungwa, wameshitakiwa au wanatafutwa kwa kosa la kulima bangi. Wengine walikuwa wamekaa miaka milimani bila kitambulisho, wasithubutu kushuka mjini hata kumpeleka mtoto hospitali. Tangu hapo mtu kama huyo aliweza kwenda ofisini kwa mchana kweupe, akauliza masharti ya leseni ya kupanda mbegu ile ile ya babu yake.