Kuuliza data: kwa seva ao kwa mstari wa amri?



Mimi ni mwana-agronomi. Mutaniuliza: agronomi na ordinatere vinakutania wapi? Vinakutania Roma. Pale FAO, mwanzo wa miaka ya 1980, walianza kutunga AGROVOC, orodha kubwa ya maneno ya kilimo katika luga nyingi. Mwanzo ilikuwa kitabu cha kuchapwa. Leo inatolewa kama data ya grafu, na Kiswahili nacho kimo.

Grafu njo nini? Hapa si ile michoro ya kupanda na kushuka. Ni sentensi fupi za vipande vitatu: "muhogo – unapata – mozaiki"; "inzi weupe – wanaambukiza – mozaiki". Ukifuata sentensi hizi moja kwa moja, unatoka kwenye muhogo unafika kwa inzi weupe, hata kama hakuna mutu aliandika ile sentensi ya tatu.

Mwaka 1999, W3C, lile shirika linaloweka kanuni za mtandao, lilikubali kanuni ya kuandika sentensi hizo: RDF. Mwaka 2000, watafiti wa HP kule Bristol, Uingereza, wakaanza Jena, programu ya kuzichunga na kuzitumia. Kuuliza sasa, luga zilikuwa nyingi, kila kikundi na yake. Tarehe 15 Januari 2008 W3C ikakubali SPARQL. Siku ile ile ikakubali pia namna ya kutuma swali kupitia mtandao. Tangu hapo, seva ya Roma inaweza kujibu swali la mwanafunzi wa Bukavu ao Lubumbashi.

Lakini njia ya zamani haikufa. Jena, ambayo mwaka 2012 ilikuwa mradi kamili wa Apache, iko na njia zote mbili. Kwa mstari wa amri kuna arq: unaionyesha faili ya data na faili ya swali, inajibu, inafunga. Kwa seva kuna Fuseki: unaiwasha, inabaki macho kwenye mlango 3030, inangoja maswali.

Tofauti iko wapi? Arq inasoma faili yote upya kila mara. Faili ndogo, hakuna shida. Faili kubwa, utangoja. Njo maana kuna TDB: unapakia data mara moja tu kwenye diski, kisha unauliza kwa tdbquery. Seva yenyewe inafaa wakati watu wengi wanauliza pamoja, ao programu ingine inahitaji majibu kila saa.

Angalisho moja la maana: usifungulie seva na mstari wa amri kwenye bazi moja ya TDB wakati mmoja. Programu mbili zikigusa faili zile zile, data inaweza kuharibika kabisa. Kama seva inawaka, tuma swali kupitia seva. Kama unataka tdbquery, zima seva kwanza.

Wengi wanafikiri seva maana yake ni intaneti. Hapana. Fuseki inaweza kukaa ndani ya ordinatere yako, bila mega hata moja, na wenzako wa chumba wakaiuliza kwa wifi ya pale pale.

Kwetu jambo hili ni zito. Mwanafunzi anayetegemea seva ya mbali, koneksiyo ikikatika, memwari yake inasimama. Yule alishusha faili ya AGROVOC siku mega zilikuwapo, anaendelea kuuliza mpaka batri iishe. Kwa hiyo, wenzangu, mukipata koneksiyo nzuri, musiishie kuuliza seva ya watu. Mushushe faili, muichunge, na mujifunze kuiuliza nyumbani.