Mashahidi Waingie: Ufikivu kama Kanuni ya Ushahidi katika Makumbusho ya Michezo ya Watu Wenye Ulemavu

Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, inataja makumbusho na michezo kwa pamoja. Katika utekelezaji mambo hayo mawili yametenganishwa: michezo imekabidhiwa maofisa michezo, makumbusho yamebaki kwa wahifadhi wa malikale, na pale yanapokutana, yaani kwenye historia ya michezo yenyewe, hapana mwenyewe. Makala hii inatetea kuanzishwa kwa makumbusho ya mtandaoni ya historia hiyo kwa Kanda ya Ziwa, makao yake yakiwa Ilemela, Mwanza, ulipo Uwanja wa CCM Kirumba. Hoja yangu ni kwamba ufikivu, yaani uwezo wa asiyeona, kiziwi au mwenye ulemavu wa viungo kuingia, kusoma na kusahihisha kilichomo, ni kanuni ya ushahidi. Makumbusho yasiyofikiwa na mashahidi wake hayana namna ya kujua kama yanasema kweli.

Wapo watakaouliza kama historia yenyewe ipo. Tanzania ilianza kushiriki Michezo ya Paralimpiki Barcelona mwaka 1992, na hadi Paris 2024 haikuwa imepata medali hata moja. Kipimo hicho kinapotosha, kwa kuwa watu hucheza miaka mingi kabla ya medali kuwepo. Shule ya wasioona Buigiri, Dodoma, ilianza mwaka 1950, na ya viziwi Tabora mwaka 1963. Shule za namna hiyo ziliwakusanya watoto ambao kijijini kila mmoja alikuwa peke yake, na pasipo kundi hakuna timu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wasioona wa Afrika Mashariki walipanda Mlima Kilimanjaro. Mmoja wao, Tofiri Kibuuka wa Uganda, alishindana mwaka 1976 kwenye theluji ya Örnsköldsvik, Sweden, akawa Mwafrika wa kwanza katika Paralimpiki ya majira ya baridi, kisha baadaye akaiwakilisha Norway. Tukihesabu medali za nchi, maisha yake yanakatwa vipande viwili na mlima unatoweka kabisa. Tembo Warriors, timu yetu ya soka la wachezaji wenye ulemavu wa viungo, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia Istanbul mwaka 2022, lakini mchezo huo, ambamo mshambuliaji hukimbia kwa magongo na mguu mmoja, haumo kabisa kwenye Paralimpiki. Karibu zaidi na Ilemela, katika Shule ya Msingi Mitindo wilayani Misungwi wanasoma watoto wasioona na wenye ualbino. Ushahidi wa michezo ya shule kama hizo uko katika karatasi za matokeo zilizoandikwa kwa mkono, katika simu za walimu na katika kumbukumbu za wachezaji. Mwalimu akihamishwa, sehemu ya ushahidi huo huondoka naye.

Kwa nini basi nauita ufikivu ushahidi? Chukua mbio za mita 5,000 za wasioona Sydney mwaka 2000, ambazo Henry Wanyoike wa Kenya alishinda. Karibu na mwisho mwongozaji wake aliishiwa nguvu kwa sababu ya ugonjwa, na Wanyoike ndiye aliyemhimiza na kumvuta hadi mstarini. Anayetazama picha ya wawili waliounganishwa kwa kamba mikononi ataamini, kwa mazoea, kwamba mwenye macho anamwongoza asiyeona. Picha yenyewe haikatai kosa hilo. Likikataliwa, litakataliwa na maelezo yanayosomwa kwa sauti, kwa sababu aliyekimbia ataweza kuyasikia na kusema hapana, haikuwa hivyo. Kwa hiyo kuandika maelezo ya picha ni kazi ya kihistoria kamili: mwandishi analazimika kuamua nini kilitokea, na uamuzi wake unapimwa na mhusika. Kwa viziwi jambo hili ni zito zaidi. Shahidi anayesimulia kwa Lugha ya Alama ya Tanzania ameacha hati asilia katika video. Maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake ni tafsiri. Tukihifadhi tafsiri tukaitupa video, tumefanya kosa ambalo mwanahistoria asingelivumilia kwa hati ya Kiarabu au ya Kijerumani.

Pingamizi la kwanza ni la bando na mtandao. Wengi wa watu ninaowazungumzia wana simu za kitochi, na wengine hawana simu. Ni kweli, na kwa sababu hiyo kurasa lazima ziwe nyepesi, maandishi na sauti vikitangulia, picha nzito zikifuata kwa anayezitaka. Sauti hizo hizo zinaweza kurushwa redioni au kupelekwa shuleni katika kadi ya kumbukumbu. Jengo peke yake haliondoi tatizo: mtu anayetumia kiti mwendo, akitoka Ukerewe kuja Kirumba, anakabili ngazi za meli kisha mlango wa daladala kabla hajaufikia mlango wa makumbusho.

Pingamizi la pili ni zito kuliko yote, na sitaki kulipunguza. Katika kanda hii watu wenye ualbino wamewindwa na kuuawa, na mauaji hayo yalijulikana duniani kote katika muongo wa kwanza wa karne hii. Kuweka mtandaoni jina, sura na kijiji cha mwanariadha mwenye ualbino kunaweza kumwelekezea muuaji. Nakubali moja kwa moja. Pale penye shaka, sauti iwekwe bila sura, mahali pasitajwe, na aliyeridhia awe na haki ya kubadili nia, sawasawa na misingi ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini tazama hoja hii inakotupeleka: asiyeweza kuufungua ukurasa hawezi kujua kilichosemwa juu yake, wala kuomba kiondolewe. Usalama wake nao unategemea ufikivu.

Lipo pia wazo kwamba mashindano ni burudani tu, hayana hadhi ya makumbusho. Kanda hii ilikwisha kulijibu. Makumbusho ya Wasukuma Bujora, Kisesa, yaliyoanzishwa na Padri David Clement, yamezipa ngoma za ushindani za vikundi vya Bagika na Bagalu nafasi ya heshima, na hakuna anayeona ajabu. Magongo yaliyochakaa ya mchezaji soka yanastahili nafasi hiyo hiyo, pamoja na mpira wenye kengele ndani yake ambao wasioona huufuata kwa masikio.

Wachezaji wa miaka ya 1960 na 1970 sasa ni wazee. Naziomba halmashauri, vyuo vikuu vya Mwanza na vyama vya watu wenye ulemavu vianze na kinasa sauti, kamera na mkalimani wa lugha ya alama. Tovuti inaweza kusubiri.