Shing'weng'we

SHING'WENG'WE ni mla watu wa hadithi za Wasukuma, ambaye waandishi wa Kiswahili humwita mara zimwi, mara dubwana, na ambaye khabari zake zimeenea katika nchi iliyo kusini ya Ziwa Viktoria, tangu Mwanza na Magu hata Shinyanga. Atakaye kumjua vema hana budi kuanzia Kisesa, mji mdogo ulioko kadiri ya kilomita 20 mashariki ya Mwanza katika njia ya Musoma, kwa kuwa hapo ndipo kilipo kituo cha Bujora, ambacho Padri David Clement, Mkanada wa shirika la Wamisionari wa Afrika, alikianzisha katika miaka ya 1950 ili ngoma, vyombo vya enzi za watemi na simulizi za Kisukuma zisipotee. Hakuna mfupa wala ngozi ya kiumbe huyu popote. Maneno ya wasimulizi ndiyo ushahidi wote, na makala hii yamchukua kama wao wamchukuavyo, yaani kiumbe mwenye mwili, na kuuliza mwili huo ulikuwa wa namna gani.

Kisa chenyewe ni kifupi. Shing'weng'we aliwameza watu wote wa dunia pamoja na mifugo yao, akasaza mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika lundo la pumba. Mwanamke akazaa mwana, akamwita Masala Kulangwa; na mwana alipopata akili akauliza jamaa zake wako wapi, akaambiwa wamo tumboni mwa Shing'weng'we, akachukua silaha akatoka kwenda kumtafuta.

Katika lundo lile la pumba mna ilimu ya kwanza juu ya mnyama huyu. Lau angaliwinda kwa kusikia tu, mwanamke mzito mwenye kuhema asingalisalimika. Na mtu aliyepata kupeta mtama au uwele ajua jinsi vumbi la makapi lizibavyo pua na kufunika kila harufu nyingine. Yaelekea, basi, kwamba Shing'weng'we alikuwa mwindaji wa pua na macho, na kwamba katika nchi ya wakulima maficho ya hakika kuliko msitu ni uwanja wa kupuria nafaka.

La ajabu zaidi ni tumbo lake. Masala Kulangwa alipomwua alimpasua mgongo, na wa kwanza kutoka akawa baba yake, kisha ndugu na watu wote, wazima kama walivyoingia. Ila kisu kilimkata sikio bibi kizee mmoja, naye akaghadhibika, akamtukana kijana na kutaka kumroga, hata ikapatikana dawa ya kumponya. Wasikilizaji wengi hulicheka sikio hilo, nami naliona kuwa dalili yenye thamani kuliko zote, maana latuonyesha kwamba watu walikuwa wamesongamana hata kugusa ngozi, na kwamba baina ya ngozi na tumbo la mnyama huyu hapakuwa na nyama ya kuzuia hata ncha ya kisu. Alikuwa tumbo zaidi ya alivyokuwa kitu kingine chochote.

Miongoni mwa wanyama wa kweli waishio Usukumani, aliye karibu naye ni chatu. Fisi huvunja mifupa kwa meno, na mamba wa ziwani huzungusha mwili majini ili amrarue windo vipande vipande. Bali chatu, ambaye katika Afrika huweza kupita urefu wa mita 5, humeza windo zima, kwa kuwa nusu mbili za taya lake la chini hazikuungana kidevuni kwa mfupa, ila kwa kano zinazonyumbuka. Lakini hapo ndipo ufanano ukomapo. Chatu humkaza windo kwanza hata damu isimame, hummeza amekwisha kufa, kisha ini na utumbo wake huongezeka ukubwa na tindikali kali huyeyusha hata mifupa. Tumbo la Shing'weng'we halina tindikali wala kiu ya damu. Lahifadhi kile lilichomeza. Yamkini ndiyo sababu Wakristo wa Usukumani waliona ndani yake mfano wa kaburi na wa Pasaka, kama walivyoeleza mapadri Joseph Healey na Donald Sybertz katika kitabu chao cha mwaka 1996; lakini hadithi yastahili kusomwa pia kwa ajili ya mnyama wake.

Juu ya kuzaliana kwake wasimulizi hawasemi neno. Hana mke wala mtoto, na aghalabu hutajwa kama wa pekee, jambo linaloafikiana na lishe yake, maana walao nyama daima huwa wachache kuliko waliwao, na simba waliomaliza pundamilia wao wenyewe hufa kwa njaa. Aliyemeza watu wote wa dunia hakuwa na chakula cha kesho.

Na sura yake je? Kijana hakuijua. Aliua panzi, akamwuliza mama yake kama huyo ndiye Shing'weng'we, akaambiwa siye. Akaua ndege, siye. Akaua swala, siye. Akaendelea hivyo hata alipomfikia mwenyewe. Hivyo ndivyo mtaalamu wa viumbe afanyavyo: huleta kielelezo, huuliza, hukataliwa, hurudi porini. Njia hiyo hiyo imo katika kisa cha Sultani Majnuni, ambacho Edward Steere alikipiga chapa mwaka 1870 miongoni mwa ngano za Unguja, ambamo kijana humwulia mama yake mnyama baada ya mnyama, hata tembo, kabla ya kumpata nunda. Huyo nunda, tofauti na Shing'weng'we, asili yake yajulikana: alikuwa paka wa nyumbani, akala kuku, akala mbuzi, na Sultani akamwachilia kwa kuwa paka ni wake na mali ni yake, hata akala wana wa Sultani.

Mazimwi wenye umbo la binadamu hasa ni jinsi nyingine, nao hutafuna. Irimu wa Wagikuyu huja katika sura ya kijana mzuri, na kinywa chake cha pili kimefichwa kisogoni chini ya nywele. Amanani wa Waluhya na zimwi wa pwani wana nyumba, husema, hupika, huoa binti za watu. Methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha ni ya jinsi hii tu, kwa maana yahitaji mlaji mwenye ujamaa na aliwaye. Shing'weng'we hamjui mtu. Ndugu yake wa kweli yuko mbali, Kholumolumo wa Wabasotho, aliyemeza watu wote akasaza mwanamke mmoja mjamzito, naye mwanawe akampasua.

Katika jamaa hii yote ni nunda pekee aliyepata kutafutwa kwa bunduki. William Hichens, aliyekuwa hakimu Lindi wakati wa Waingereza, naye ndiye aliyeuhariri utenzi wa Al-Inkishafi, aliandika mwaka 1937 juu ya mauaji ya usiku katika pwani hiyo, ambayo watu waliyasema kuwa ya nunda, na manyoya ya kijivu yaliyokutwa mikononi mwa maiti. Fuvu halikupatikana.