Kanieneo la Mvuke na Chumvi ya Katwe

Stanley alipopita Katwe mwaka 1889, biashara ya chumvi ya ziwa hilo, lililomo katika Kasese ya leo, ilikuwa tayari kongwe. Miaka hiyohiyo, Mfaransa François-Marie Raoult alitangaza kanuni yake: kiyeyushwa hushusha kanieneo la mvuke wa kiyeyushi kwa kadiri ya sehemu yake ya moli.

Na tukokotoe. Katika nyuzi 25 za selsiasi, gramu 100 za maji, yaani moli 5.55, huyeyusha gramu 36 hivi za chumvi ya kawaida: moli 0.62, zinazogawanyika kuwa moli 1.23 za ioni. Sehemu ya maji ni 0.82, hivyo kanieneo lingeshuka kutoka milimita 23.8 za zebaki hadi 19.5. Vipimo hutoa 17.9 hivi, kwa kuwa kanuni huwiana vyema na myeyusho hafifu tu.

Pengo hilo lina uzito kwa mchimbaji. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, maji chumvi yaliyokolea yenye joto sawa na la hewa hayakauki tena. Na ya Katwe, yenye salfeti na kaboneti pia, yanadai kipimo chake yenyewe. Mipango ya uzalishaji inayohesabu saa za jua pekee haitoshi. Gunia la chumvi linalofika soko la Bwera wakati wa masika hutota kwa sababu hiyohiyo.