Bei ya Mafuta, Madereva na Ndege Zetu za VC10

Mwanafunzi wa mjini akiulizwa maana ya mafuta, mara nyingi hutaja kwanza petroli. Bibi yake aliyeko shamba hutaja mawese, ufuta au samli. Na mtu akisema "mafuta yamepanda", hakuna amwulizaye kilichopanda ni nini, wala yamepanda wapi. Neno bei limemezwa, na maana imebaki timamu. Sisi tufundishao Kiswahili katika nchi hizi za bara, mbali na bandari, yafaa tujue msemo huo mfupi uliingiaje vinywani mwetu, kwani nyuma yake ipo historia iliyogusa mifuko ya watu wengi, na hata kusaidia kuvunja kitu tulichokuwa nacho kwa pamoja.

Nchi tano zitoazo mafuta, yaani Iran, Iraq, Kuwait, Saudi Arabia na Venezuela, ziliunda umoja wao wa OPEC mjini Baghdad mwezi wa Septemba 1960. Kwa miaka zaidi ya kumi umoja huo haukutisha mtu. Makampuni makubwa ya Ulaya na Marekani ndiyo yaliyopanga bei, na pipa moja, ambalo ni lita kama 159, liliuzwa kwa dola zisizofika tatu. Tarehe 6 Oktoba 1973 vita vilizuka baina ya Misri na Syria upande mmoja, na Israel upande wa pili. Siku kumi baadaye nchi sita za Ghuba zilipandisha bei iliyotangazwa kutoka dola 3.01 hadi 5.11, na ilipofika tarehe mosi Januari 1974 bei hiyo ilikuwa dola 11.65. Nchi za Kiarabu zilipunguza pia utoaji, zikawanyima kabisa mafuta Wamarekani na Waholanzi. Marufuku kwa Marekani iliondolewa mwezi wa Machi 1974, lakini bei haikurudi ilikotoka.

Huko Ulaya dereva wa kawaida alionja mambo asiyoyazoea tangu vita vikuu. Waholanzi walikatazwa kuendesha magari siku za Jumapili kuanzia tarehe 4 Novemba 1973, na Wajerumani wa Magharibi wakafuata mwezi huohuo. Watu wakapanda baiskeli katika barabara kuu zilizojengwa kwa ajili ya mwendo wa kasi. Marekani ilipunguza mwendo halali hadi maili 55 kwa saa, na misururu ya magari ikazunguka vituo vya petroli tangu alfajiri.

Lakini kisa cha mwenye gari la anasa kutembea kwa miguu si kisa chetu. Nchi za Afrika Mashariki hazikunyimwa mafuta. Uganda ilikuwa imevunja uhusiano na Israel mwaka 1972, Tanzania na Kenya zikafanya hivyo mwaka 1973, na serikali nyingi za Afrika zilitumaini kwamba rafiki atauziwa kwa bei ya urafiki. Haikuwa hivyo. Mikopo na misaada ilitolewa, ila bei ya pipa ilibaki moja kwa tajiri na kwa maskini. Mholanzi aliilipa kwa mashine na maziwa ya unga. Mganda aliilipa kwa pamba na kahawa, Mtanzania kwa katani.

Tena ipo gharama ya njia, ambayo mtu wa pwani huisahau kwa urahisi. Mafuta yaliyosafishwa Changamwe, Mombasa, yalipaswa kupanda bara kwa treni na kwa malori ya tangi, na lori lenyewe hunywa dizeli kabla halijafika Kampala au Kigali. Bomba la kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978 tu. Na mwaka 1976, baada ya kisa cha Entebbe, Uganda ilipokosana na Kenya, ilionekana wazi kwamba nchi isiyo na bahari hununua mafuta kwa fedha na kwa ujirani mwema pia.

Kenya ilihalalisha matatu mwaka 1973, miezi michache kabla ya bei kulipuka. Jina hilo, kama walimu wengi mjuavyo, latokana na nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti kumi. Nauli hiyo haikuweza kuishi katika ulimwengu wa dola kumi na moja kwa pipa. Senti thelathini zilikwenda zao, jina likabaki. Tanzania nayo, katika miaka hiyo ya shida, ilipiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili baada ya saa nane mchana pasipo kibali. Aliyekwenda kumzuru ndugu alikula chakula cha mchana akiitazama saa.

Sasa tuje kwenye ndege. Kabla ya 1973 mafuta yalichukua kama sehemu moja katika kumi ya gharama za shirika la ndege; baada ya mapinduzi ya Iran ya 1979 na mpando wa pili wa bei, yalikaribia theluthi. Mashirika ya Marekani, yaliyonunua galani moja kwa senti kama 12 mwaka 1973, yalilipa zaidi ya dola moja mwaka 1981. Wengi husema kwamba hilo ndilo lililoiua Concorde. Hapa twapaswa kuwa waangalifu, maana mashirika ya Pan Am na TWA yalijitoa katika ununuzi wake mwezi wa Januari 1973, zaidi ya miezi minane kabla ya vita. Mafuta yalipigilia msumari jeneza lililokwisha kuchongwa.

Uangalifu huohuo twauhitaji tunapolitaja shirika letu, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946. Tangu 1966 lilinunua ndege tano za Super VC10, zenye injini nne mkiani, zilizoundwa kwa viwanja vya joto na vya nyanda za juu kama Nairobi, ambako hewa ni nyepesi na ndege huhitaji nguvu nyingi kuruka. Nguvu hiyo ililipiwa kwa mafuta, kwa kuwa VC10 ilikunywa kuliko Boeing 707. Mafuta yalipokuwa rahisi, kasoro hiyo ilivumilika. Moja ilianguka Addis Ababa mwaka 1972. Nne zilizosalia ziliingia katika miaka ya mafuta ghali zikiwa na kiu ileile.

Hata hivyo hatuwezi kukubali usemi kwamba mafuta ndiyo yaliyolivunja shirika. Serikali tatu zilikuwa zikigombania madeni, njia na fedha zilizozuiliwa katika kila mji mkuu. Mafuta ghali yaliondoa tu ile akiba ya subira ambayo washirika wenye faida huweza kuwa nayo. Mwishoni mwa Januari 1977 ndege ziliacha kuruka. Mapema Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa hadi 1983. Mahali pa shirika moja yakasimama matatu, Uganda ikiwa imekwisha kuunda lake mwaka 1976, na kila moja likajinunulia mafuta peke yake kwa bei ileile ya dunia.

Zile VC10 nne zilirudi Uingereza. Mbili zilikuwa na herufi za 5H za Tanzania, moja 5X ya Uganda, na moja 5Y ya Kenya. Jeshi la anga la Uingereza lilizinunua, likang'oa viti vya abiria, likatia matangi, nazo zikawa ndege za kubebea mafuta na kuyagawa angani kwa ndege nyingine. Mwaka 1991 zilipelekwa Ghuba, katika vita vya Kuwait. Ile ya 5H-MOG, iliyokuwa VC10 ya mwisho kuundwa, ilitua kwa mara ya mwisho Dunsfold, kusini mwa Uingereza, tarehe 24 Septemba 2013. Herufi za Tanzania zilikuwa zimekwisha kufutwa zamani, na mahali pake paliandikwa ZA150.